Mtoto Haachi Shule kwa Siku Moja: Ubora wa Shule na Mdondoko wa Wanafunzi

Waheshimiwa viongozi wa elimu, walimu wenzangu, wajumbe wa kamati za shule, wazazi, na ninyi nyote mlioitikia mwaliko huu, nawasalimu kwa heshima kubwa.

Niliombwa nizungumzie mdondoko wa wanafunzi katika nchi zinazoendelea na nieleze sababu zake. Sababu hizo zimekuwa zikitajwa katika kila mkutano wa namna hii: umaskini wa kaya, umbali, ajira za watoto, ndoa na mimba za utotoni, maradhi. Sitaikanusha hata moja. Naomba, hata hivyo, mniruhusu leo nikae zaidi kwenye sababu ambayo huwa tunaipita haraka, labda kwa kuwa inatugusa sisi wenyewe tuliomo humu ukumbini, nayo ni shule yenyewe. Ninaamini kwamba watoto wengi tunaowaandika kuwa wameacha shule kwa sababu ya umaskini waliiacha baada ya kuipima na kuona haiwapi kile walichokifuata, kisha umaskini ukamalizia kazi iliyokuwa imekwisha kuanza darasani.

Kila mwalimu aliyewahi kutunza rejista ya mahudhurio kwa mwaka mzima anajua kuwa mtoto haachi shule kwa siku moja. Fungua rejista ya darasa la nne, tafuta jina ambalo kufikia mwezi wa kumi limepigwa mstari, kisha rudi nyuma kwa kidole. Mwezi wa pili utaona alikuwepo karibu kila siku. Mwezi wa tatu amekosa siku mbili zisizofuatana. Mwezi wa tano amekosa Jumatatu zote. Baada ya likizo amerejea kwa juma moja, akapotea majuma mawili, akarudi siku tatu, na kuanzia hapo nafasi zake zimebaki tupu mpaka mwalimu akachoka kuziangalia. Katika taarifa iliyopelekwa ngazi ya juu, mbele ya jina lake limeandikwa neno moja tu, "utoro", kana kwamba utoro ni ugonjwa aliokuja nao kutoka nyumbani.

Mimi nimewahi kutunza rejista ya namna hiyo, na yupo mvulana mmoja niliyechelewa kumwona. Alikuwa darasa la nne, mtulivu, mwenye daftari safi, kwa kuwa aliweza kunakili kila kilichoandikwa ubaoni. Siku moja nilimwita mezani asome ukurasa wa kitabu cha darasa la pili, akausoma wote bila kukwama, nami nikafurahi. Kisha, hata sijui kwa nini, nikaweka kiganja changu juu ya picha iliyokuwa kwenye ukurasa ule na kumwonyesha kwa ncha ya kalamu neno moja katikati ya mstari wa tatu. Akanyamaza. Nikamwonyesha jingine, akanyamaza. Alikuwa ameukariri ukurasa mzima kwa kuwasikia wenzake wakiuitikia kwa pamoja, na picha ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha pa kuanzia. Kwa zaidi ya miaka mitatu mtoto huyu alikuja, akaketi, akanakili, akaitikia, wala hakuna mtu mzima aliyegundua kuwa hajui kusoma, nami nikiwa mmoja wao. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwenda kufanya vibarua. Wazazi wake walikuwa maskini, na hivyo ndivyo nilivyoandika katika taarifa yangu. Lakini walikuwa maskini vilevile alipoanza darasa la kwanza, na hawakumzuia kuja.

Ningependa kuamini kwamba mvulana huyo alikuwa wa pekee, ila takwimu hazituruhusu. Wanafunzi wa darasa la tatu nchini Kenya, Tanzania na Uganda walipopimwa kwa sentensi fupi ya maneno machache, kwa Kiingereza au Kiswahili, robo tatu yao hawakuelewa ilichosema. Benki ya Dunia ililieleza jambo hilo katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 2018. Mwaka uliofuata benki hiyo ilikadiria kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa miaka 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawawezi kusoma na kuelewa habari rahisi. Watoto hawa wengi wao wako shuleni. Wameandikishwa, wanahesabiwa, na wanaingia katika kila taarifa ya mafanikio.

Uhusiano kati ya hali hiyo na mdondoko umechunguzwa kwa makini. Wanauchumi Eric Hanushek, Victor Lavy na Kohtaro Hitomi walichapisha mwaka 2008 utafiti uliotumia takwimu za wanafunzi wa shule za msingi nchini Misri. Ugumu wa kazi yao ulikuwa huu: watoto wasiofanya vizuri ndio huacha shule zaidi, kwa hiyo ni rahisi kuulaumu udhaifu wa mtoto pale ambapo kosa ni la shule, au kinyume chake. Wao wakatenganisha mambo hayo mawili, wakauliza: tukiwachukua watoto wenye uwezo sawa na mafanikio sawa ya masomo, wengine wakiwa katika shule inayofundisha vizuri na wengine katika shule dhaifu, je, wote wana uwezekano sawa wa kuendelea? Jibu likawa hapana. Aliye katika shule dhaifu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuiacha, ingawa uwezo wake ni uleule wa mwenzake. Maana yake ni kwamba wanafunzi na familia zao wanautambua ubora wa shule na wanafanya uamuzi kwa kuuzingatia.

Naomba tulitafakari hilo, kwa sababu linapingana na jinsi tunavyozoea kuwazungumzia wazazi maskini. Husemwa kwamba hawana mwamko na hawaoni thamani ya elimu. Mzazi ambaye hakusoma hawezi kukagua andalio la somo, lakini anaona mtoto wake akirudi saa nne asubuhi kwa sababu mwalimu hakuwepo. Anaona daftari ambalo halijasahihishwa tangu muhula uanze. Anampa mwanawe barua iliyotoka kwa ndugu, au maelekezo yaliyoandikwa kwenye chupa ya dawa, amsomee, na mtoto wa darasa la tano anashindwa. Hilo ni jaribio la haki kuliko mitihani yetu mingi, na mzazi ana haki ya kulitolea hitimisho.

Hapo ndipo tunapoweza kuuelewa umaskini ipasavyo. Hata pale ambapo ada imefutwa, shule haijawahi kuwa bure kwa kaya maskini, maana kila siku ambayo mtoto yuko darasani ni siku ambayo mikono yake haiko shambani, au haimlei mdogo wake, au haileti ujira. Mtoto wa miaka saba hapunguzi sana kipato cha nyumbani akienda shule. Afikapo miaka 12 au 13 nguvu zake zina thamani, na gharama ya kumwacha darasani inapanda mwaka hadi mwaka. Wakati huohuo masomo yanakuwa magumu, na aliyepita madarasa ya chini bila kujua kusoma haelewi tena chochote. Gharama inapanda huku faida ikishuka, mpaka siku mistari hiyo miwili inapokutana. Mafuriko, ugonjwa wa mama au mimba vinaweza kuiharakisha siku hiyo, nasi tunaandika mafuriko, ugonjwa au mimba. Katika nyumba ya jirani yalitokea mafuriko yaleyale, na yule binti aliyekuwa anafaulu na kufurahia masomo alitafutiwa kila njia ya kubaki.

Historia ya kufuta ada inatufundisha jambo lilelile kwa kiwango cha mataifa. Malawi ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1994, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Uganda ilifuata mwaka 1997, na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja tu. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2003 na kuhama kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Ninaziheshimu hatua hizo kwa moyo wangu wote, kwa kuwa zilionyesha hadharani kwamba wazazi walikuwa wanaitaka shule na kilichowazuia ni mlango. Lakini walimu, madarasa na vitabu havikuongezeka kwa kasi ileile. Kati ya watoto takriban milioni 2.1 walioandikishwa darasa la kwanza nchini Uganda mwaka 1997, chini ya robo walikuwa darasa la saba mwaka 2003. Baadhi ya wasiofika walikuwa wamerudia madarasa, ila wengi walikuwa wamekwisha kutoka kupitia mlango uleule tuliowafungulia.

Ninaposema ubora simaanishi majengo ya kupendeza. Namaanisha kwanza kabisa mwalimu awepo, afundishe, na anachokifundisha kimfikie mtoto aliye mbele yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walizitembelea shule bila taarifa katika nchi sita, zikiwemo Bangladesh, India, Peru na Uganda, na kukuta kwamba kwa wastani walimu 19 kati ya 100 hawakuwepo shuleni. Uganda ilikuwa 27, India 25. Uchunguzi mwingine uliofanyika baadaye katika nchi saba za Afrika uligundua kwamba mwanafunzi hupata chini ya saa tatu za kufundishwa kwa siku, yaani nusu na kidogo ya muda uliopangwa. Nina walimu wengi mbele yangu, na sisemi haya ili kuwadhalilisha. Kukosekana kwa mwalimu kuna sababu zake: mshahara unaochelewa na kumlazimu asafiri kuufuata, semina zinazopangwa katikati ya muhula, nyumba iliyo mbali na shule, na wakati mwingine, tuseme kweli, uzembe ambao hakuna anayeukemea. Kwa mtoto aliyetembea kilomita tano, sababu hizo zote zina sura moja ya kiti kitupu.

Majengo yana nafasi yake pia, ingawa mara nyingi ni kwa njia tusiyoitarajia. Wanauchumi Paul Glewwe na Hanan Jacoby walipochunguza shule za Ghana waligundua kwamba kukarabati madarasa yanayovuja kuna manufaa makubwa kwa elimu ya watoto. Sababu si fumbo, maana darasa linalovuja hufungwa mvua inaponyesha, na masomo yanayokatika kila mara hayajengi kitu. Nchini Burkina Faso mpango uliojenga shule katika vijiji 132, zikiwa na maji, vyoo tofauti vya wasichana na malezi ya watoto wadogo karibu na shule, uliongeza kiwango cha uandikishaji kwa takriban pointi 20 za asilimia na alama za majaribio zikapanda pia. Msichana ambaye shule yake haina choo chenye mlango anaweza kukosa siku kadhaa kila mwezi, na nimekwisha kueleza siku kadhaa kila mwezi humpeleka wapi mtoto.

Liko suala la fimbo na matusi, ambalo baadhi yetu huliita nidhamu. Utafiti uliowafuatilia watoto kwa miaka mingi katika Ethiopia, India, Peru na Vietnam uliwauliza wanachokichukia shuleni, na kilichotajwa zaidi ya vyote ni ukatili wa walimu na wa wanafunzi wenzao. Anayechapwa kwa kushindwa kusoma hajifunzi kusoma. Anachojifunza ni kutokuja siku ya somo la kusoma.

Sasa nirudi kwenye jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni mwendo wa mtaala. Mitaala yetu mingi imeandikwa kana kwamba kila mtoto aliyeingia darasa la pili ameshika yote ya darasa la kwanza. Mwalimu anabanwa amalize mada, mkaguzi anauliza kama mada zimekamilika, na walio nyuma wanaachwa hapohapo walipoangukia. Magharibi mwa Kenya watafiti waligawa vitabu rasmi vya kiada katika shule ambazo hazikuwa navyo, wakitarajia matokeo yapande. Wastani haukupanda. Waliofaidika ni wale tu waliokuwa mbele tayari, kwa sababu vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu, na kwa kiwango kilichowapita wengi darasani. Kitabu kilikuwepo juu ya dawati, na mtoto alikuwa nje yake. Mahali ambapo lugha ya kufundishia hubadilika ghafla, iwe darasa la nne au mwanzoni mwa sekondari, mwanya huo hupanuka kwa siku moja, na mtoto aliyekuwa akijibu maswali vizuri juma lililopita hukaa kimya kama mgeni.

Wapo wanaopendekeza kwamba mtoto aliyeachwa nyuma arudie darasa. Mwanauchumi Marco Manacorda alichunguza wanafunzi wa Uruguay waliorudishwa nyuma darasa na kuona kwamba adhabu hiyo iliwasukuma kuacha shule zaidi. Mtoto aliyerudia husikiliza mafundisho yaleyale, yaliyotolewa kwa namna ileile iliyomshinda mwaka jana, akiwa sasa mrefu kuliko wenzake wote na mwenye aibu.

Niongeze angalizo kuhusu namna tunavyoupima ubora. Tukiipima shule kwa wastani wa mtihani wa mwisho peke yake, tunaipa sababu ya kuwaondoa walio dhaifu kabla ya mtihani: kuwazuia wasiingie darasa la mtihani, kumshauri mzazi amhamishe, au kutomfuatilia anapoanza kupotea. Nimekaa katika vikao ambamo jambo hili lilizungumzwa kwa sauti ya chini. Shule hupanda katika orodha na kupongezwa, na waliolipia pongezi hizo hawamo tena katika picha. Kwa hiyo ninasihi kwamba matokeo ya shule yoyote yasitangazwe bila idadi mbili zikiwa pamoja, waliofaulu na walioanza darasa la kwanza.

Najua hoja itakayotolewa upande wa fedha, kwa sababu nimeisikia mara nyingi: kwamba nchi maskini haiwezi kufanya yote mawili, hivyo tuwaingize watoto wote kwanza, ubora utafuata. Hoja hii inachukulia kwamba nafasi na ubora vinagombania mfuko mmoja. Utafiti wa Misri unaonyesha kinyume, kwamba kuinua ubora ni njia mojawapo ya kuongeza idadi ya wanaobaki. Mtoto anayeacha darasa la tano bila kujua kusoma amegharimiwa miaka mitano ya mishahara, madawati na chaki, na hana cha kuonyesha. Aliyerudia mara mbili ametumia nafasi za watoto wawili. Ukigawanya matumizi ya serikali kwa idadi ya waliomaliza wakiwa wanasoma, badala ya kuyagawanya kwa walioandikishwa, utagundua kwamba shule dhaifu ndiyo iliyo ghali.

Wala si kweli kwamba hatujui la kufanya. Huko Bangladesh shirika la BRAC lilianza mwaka 1985 kuendesha shule za chumba kimoja, watoto wapatao 30, mwalimu mmoja anayeishi palepale na saa za masomo zinazopangwa kwa kuwasikiliza wazazi, na waliopokewa ni watoto ambao shule za kawaida zilikuwa zimewakosa, wengi wao wasichana, na wengi walibaki. Shirika la Pratham la India lilionyesha kuwa watoto wakipangwa kwa muda fulani kila siku kulingana na wanachoweza kusoma, bila kujali darasa walilomo, husogea haraka, na Zambia ikaichukua njia hiyo mwaka 2016. Ruzuku kwa kaya, sare za bure na chakula shuleni vinasaidia, nami naviunga mkono bila kusita. Humfikisha mtoto mlangoni. Kinachomrudisha kesho yake ni kile kilichotokea ndani.

Ndugu walimu wakuu, ninalowaomba halihitaji bajeti mpya wala waraka. Mara mbili kwa mwaka, kila mtoto wa darasa la pili na la tatu asome peke yake mbele ya mtu mzima, kwa dakika mbili, bila alama na bila kupangwa wa kwanza wala wa mwisho. Watakaoshindwa wapewe saa moja kila siku ya kufundishwa pale walipo, hata kama mada ya wiki hiyo itachelewa, na ninyi wakaguzi muwalinde walimu watakaoichelewesha kwa sababu hiyo. Na mtakaporudi vituoni mwenu wiki hii, zifungueni rejista. Tafuteni majina yaliyokosa siku nne mwezi uliopita, kabla hayajafikia siku kumi. Mwiteni kila mmoja wao mezani kwa upole, mpeni ukurasa mfupi, na mfunike picha.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.